Meza za blackjack Kampala: huduma safi, ila soma kitambaa kabla hujakaa

Kwanza niseme wazi, kasino yenyewe siitaji jina. Iko katikati ya Kampala, unapanda ngazi, mlangoni kuna askari wawili na mashine ya kukagua vyuma, na wanaopita njia ile usiku washajua nasemea wapi. Nimekaa kwenye meza zake zote mbili za blackjack, wikendi na siku za kazi, na hapa naongelea blackjack tu, sloti na ruleti zina wenyewe. Hukumu naitoa mapema ili mwenye haraka aende zake: wagawaji karata wako vizuri, wahudumu wana adabu, chakula bure ukiwa mezani, ila kati ya zile meza mbili moja, ya juu, ni ya kukaa na nyingine ni ya kunyonywa, na watu wengi wanakimbilia hiyo ya kunyonywa kwa vile iko chini karibu na mlango na unaanza na elfu kumi tu.

Utazijuaje? Soma kitambaa. Kile kitambaa cha kijani kilichotandikwa mezani kimeandikwa masharti, mistari mitatu hivi inayofuata ile nusu duara ya meza, na watu wanaweka glasi na simu juu yake wala hawaangalii. Mimi kwa macho yangu kila mstari pale ni alama ya ugomvi wa zamani kati ya wachezaji na wenye meza, ugomvi wa miaka mia nne na zaidi, na ukishaujua huhitaji mtu wa kukushauri ukae wapi.

Mlangoni wanataka kitambulisho na hawatanii. Sheria ya Uganda ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016 inataka uwe umefikisha miaka 25, sio 18 kama wengi wanavyodhani. Nimeona kijana na suti yake safi anarudishwa pale, mchumba wake alikuwa ametimiza, akaingia peke yake akala kuku.

Kwa asiyejua mchezo nieleze kwa ufupi. Unashindana na mgawaji, wengine mliokaa nao hawakuhusu. Unapewa karata mbili, mgawaji naye mbili, moja yake iko wazi na nyingine imefunikwa (kuna kasino hawaichukui hiyo ya pili mpaka nyie mmalize). Karata za namba zinahesabiwa kama zilivyo, wakubwa wote, yaani kingi, kwini na jeki, ni kumi kumi, na ree ni moja au kumi na moja, unachagua inayokufaa. Anayekaribia 21 zaidi ndo mshindi, ukipitisha umeungua hapo hapo na pesa inachukuliwa hata kama mgawaji mwenyewe ataungua baadaye. Shika hilo la mwisho, maana faida yote ya kasino imejificha humo: wewe unaanza, wewe unaungua kwanza.

Karata zenyewe hizi 52 tunazochezea matatu (mchezo wetu wa karata, sio gari) pale steji ya boda zimetembea. Kuna seti ya zamani ya Wamamluki, waliokuwa watawala wa Misri, imehifadhiwa kwenye jumba la Topkapı kule Istanbul, aina nne, kila aina kumi na tatu, hesabu ile ile ya leo, ila badala ya picha za wafalme waliandika vyeo kwa hati nzuri ya Kiarabu. Ulaya zikaingia karne ya 14, na mwaka 1377 wakubwa wa mji wa Florence, Italia, walikuwa washaanza kuzipiga marufuku. Ndo ujue zilivyoshika haraka, na serikali kuwafukuza wacheza karata haikuanzia kwetu.

Huu mchezo wa ishirini na moja sasa, ushahidi wake wa zamani unaojulikana sana unatoka Hispania. Miguel de Cervantes alichapisha mwaka 1613 hadithi fupi moja ya vijana wawili matapeli, mmoja anatembea na karata zake chafu zilizochakaa, anajisifu kwamba kwa karata zile akikata lazima ree ibaki chini, na kabla hawajafika mbali washamchuna msafirisha mizigo wa nyumbu kwenye nyumba ya wageni, wakicheza veintiuna. Ree inahesabiwa moja au kumi na moja, kama leo tu. Yaani mchezo ulipoanza kuandikwa vitabuni ulikuja na wizi wake tayari, na karata iliyokuwa inatafutwa ni ile ile unayoitafuta wewe usiku wa Ijumaa pale Kampala.

Wafaransa wakaucheza sana karne ya 18 wakauita vingt-et-un, Waingereza wakauchukua, na kwao baadaye ukazaa pontoon, ule wa wanajeshi wa vita kuu ya kwanza. Hapa ndo kuna tofauti kubwa ambayo watu hawaioni. Kwenye michezo hiyo ya zamani mwenye benki alikuwa mchezaji kama nyinyi, amekaa mezani na pesa yake, benki inazunguka toka kwa huyu kwenda kwa yule, na yeye ana hiari yake, akitaka anachukua karata, asipotaka anabaki, na mkilingana yeye anachukua.

Hilo la kulingana niliona linamsumbua mzee mmoja pale meza ya juu, mwanajeshi mstaafu, Kiswahili chake kile cha kambini kilichonyooka, sio hiki chetu cha kuunga unga. Alikuwa na 19, mgawaji, dada mmoja, akafungua naye 19, akagonga meza kidogo na vidole kuonyesha ni sare, pesa ya mzee ikabaki pale pale.

Mzee akauliza, "Binti, mbona huchukui?"

"Tumelingana mzee, pesa ni yako bado."

"Kwetu kambini mwenye benki angekula."

"Hapa hatuli mzee, labda upitishe."

Mzee akacheka, akaongeza chipu moja (vile vidude vya kuchezea badala ya pesa) juu. Alikuwa anacheza pontoon kichwani mwake usiku mzima, na kusema kweli alicheza vizuri kuliko vijana wa pembeni yake wenye saa kubwa.

Basi mchezo ulipovuka kwenda Marekani na kuingia kwenye nyumba za kamari, mwenye meza akawa mmoja tu, hazunguki, na baada ya Nevada kuhalalisha kamari Machi 19, 1931, ukawa biashara ya kufungua milango mchana kweupe. Sasa we ukiwa na kasino umeajiri wagawaji ishirini wa mshahara, utamwachia kila mmoja aamue kwa hisia zake kama achukue karata au abaki? Mmoja atakuwa na roho ndogo, mwingine atakuwa na shemeji yake amekaa kiti cha tatu. Kwa hiyo mgawaji akanyang'anywa hiari. Huo ndo mstari unaousoma kwenye kitambaa: mgawaji anachukua mpaka 16, akifika 17 anasimama. Hana la kufikiria, akiwa na 16 na anajua kabisa karata inayofuata inaweza kumuunguza, anachukua, na akiwa na 17 na meza nzima ina 18, anasimama na kuwalipa.

Na hapo kasino zikajichimbia shimo bila kujua. Mtu asiye na hiari anahesabika. Miaka ya 1950 kulikuwa na vijana wanne jeshini Marekani, kambi ya Aberdeen Proving Ground, Maryland, majina yao Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, wasomi wa hesabu, wakakaa na mashine za mezani za kujumlishia, zile za kubonyeza, wala sio kompyuta, wakapiga hesabu kila hali inayoweza kutokea: wewe una hivi, yeye anaonyesha hivi, ufanye nini. Wakachapisha mwaka 1956 kwenye jarida la takwimu la Marekani. Jibu lao likawa la kushangaza kwa wakati ule, kwamba ukicheza inavyotakiwa faida ya kasino haifiki hata shilingi moja kwenye kila mia unayoweka. Kabla ya hapo watu walikuwa wanacheza kwa ndoto na ushauri wa jirani, kama wanavyocheza bado wengi wa meza ya chini.

Machache ya vijana wale nitakupa bure kwa vile niliona watu wakiyavunja kila dakika. Mgawaji akionyesha 4, 5 au 6 na wewe una 12 mpaka 16, tulia, usichukue. Akionyesha 6 anaungua takriban mara 42 kwenye mia, mwache afe mwenyewe. Akionyesha 7 kwenda juu na wewe una hiyo 12 mpaka 16, chukua hata kama roho inakataa. Ree mbili zitenganishe ziwe mikono miwili, kila mmoja na dau lake, nane mbili zitenganishe, kumi mbili usiziguse. Kulikuwa na jamaa mmoja kila akipata kumi mbili anazitenganisha kwa kelele ili apate "mbili za nguvu", meza nzima inamwangalia, dada mgawaji hasemi kitu, anagawa tu.

Akaja Edward Thorp. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu chuo cha MIT, Marekani, akaisoma ile kazi ya wale wanajeshi, akajiuliza swali ambalo ukilisikia unaona rahisi: karata zikishatoka hazirudi mpaka zichangwe upya, sasa zilizobaki si zinabadilika? Akajifunza kuandika programu ya kompyuta ya IBM 704 ya pale chuoni, akaiachia ipige hesabu, akakuta kumbe zikibaki nyingi za kumi na ree, mchezaji ndo mwenye faida, na zikibaki nyingi ndogo ndogo, kasino. Sababu mojawapo iko kwenye ule mstari wa kitambaa: mgawaji analazimishwa kuchukua akiwa na 16, na karata kubwa zikiwa nyingi zinamuunguza, wewe unaweza kukaa kimya yeye hawezi. Aliisoma mbele ya wanahisabati wenzake Januari 1961, matajiri wawili wakampa dola 10,000 akajaribu Nevada, pesa ikazidi mara mbili. Kitabu chake kikatoka 1962 na kila mwenye suti na miwani akaanza kwenda Las Vegas na penseli.

Namna inayojulikana zaidi ya kuhesabu leo ni nyepesi kuliko watu wanavyoitisha. Karata ikitoka 2 mpaka 6 unaongeza moja kichwani, 7, 8, 9 unaziacha, 10 na wakubwa na ree unatoa moja. Hesabu ikipanda unaongeza dau, ikishuka unarudi chini. Hakuna uchawi na huhitaji kukumbuka karata zote kama wanavyoigiza. Kazi iko kwenye kuifanya saa tatu mfululizo mziki unapiga na mtu anakuuliza utakunywa nini.

Wenye kasino wakajibu. Mwaka 1964 za Las Vegas zikabadilisha masharti, zikabana kudabo (kuongeza dau mara mbili) na kutenganisha ree, wachezaji wakazisusia meza, na baada ya wiki chache tu wakarudisha kila kitu kimya kimya. Mimi hii ndo sehemu naipenda kuliko zote. Sio serikali iliyowarudisha, wala mahakama, ni watu kuhamisha makalio yao kwenye viti. Walipoona masharti hayabanwi hivyo wakaja na njia nyingine, badala ya pakiti moja ya mkononi wakaweka nne, kisha sita na nane, zinawekwa kwenye lile sanduku ambalo mgawaji anavuta karata moja moja. Wakati huo huo wakawa wanawafukuza wanaohesabu. Mmoja wao, Ken Uston, akawapeleka mahakamani wa Atlantic City, na mwaka 1982 mahakama ya juu kabisa ya New Jersey ikasema kasino haina ruhusa ya kumfukuza mtu kisa anatumia akili yake. Ushindi mtamu, lakini jibu lake likawa pakiti nyingi na kuchanga mapema kabla sanduku halijaisha. Akatokea na dereva wa malori wa Minnesota, John Breeding, akatengeneza mashine ya kuchanga karata, ya kwanza ikauzwa 1992, na hizo za siku hizi kuna zinazorudisha karata ndani kila raundi ikiisha. Karata haiishi, hesabu haina pa kushika.

Turudi Kampala. Meza ya chini ina mashine hiyo, ile inayomeza karata zote kila mkimaliza. Mimi sina shida kubwa nayo kwa upande wa kuhesabu, nani kati yetu anahesabu bana, tatizo lake ni spidi. Kwenye sanduku la kawaida kuna kupumzika, mgawaji anachanga, unakunywa maji, unaangalia simu, unafikiria kwenda nyumbani. Na mashine hakuna. Raundi juu ya raundi, na kila raundi kasino inakata kidogo. Meza ya juu wanachanga kwa mkono, pakiti sita, dada anazimwaga mezani anazikoroga, anazipanga marundo, anazikata, anampa mchezaji kadi ya plastiki ya njano aichomeke anapotaka. Inachukua dakika kadhaa na ni raha kuangalia mtu anayejua kazi ya mikono yake, niliambiwa kozi yao ya ugawaji ni ya wiki nyingi na unaanza na chipu kabla hujagusa karata.

Mstari wa pili wa kitambaa ndo wenye kilio changu. Meza ya juu umeandikwa blackjack inalipa 3 kwa 2. Ya chini, 6 kwa 5. Mtu akiangalia haraka anaona sita ni kubwa kuliko tatu, anafurahi. Piga hesabu. Blackjack ni ree na karata ya kumi kwa mkupuo wa kwanza, umeweka elfu kumi. Meza ya 3 kwa 2 unapewa elfu kumi na tano. Meza ya 6 kwa 5 unapewa elfu kumi na mbili. Wamekukata elfu tatu kwenye mkono mzuri kuliko yote ya mchezo huu. Na mkono huo unakuja mara moja kwenye raundi 21 hivi, kwa hiyo gawanya, ni kama shilingi 140 na ushee kila raundi, kwa kila elfu kumi, imeondoka mfukoni hujaiona. Faida ya kasino iliyokuwa nusu shilingi kwa mia inakaribia mbili. Malipo haya ya 6 kwa 5 yalienea Las Vegas miaka ya 2000, yalianza kwenye meza za bei ndogo za watalii, watu hawakuhama kama walivyohama 1964, yakabaki, na sasa yametufikia.

Kinachoniuma zaidi ni hii hesabu nyingine. Meza ya juu dau la chini ni elfu ishirini na tano, ndo maana watu wanaiogopa. Lakini kwa anayecheza inavyotakiwa, elfu ishirini na tano kwa nusu shilingi kwenye mia ni kama 125 kila raundi. Raundi 60 kwa saa ni kama elfu saba na mia tano. Ya chini, elfu kumi kwa karibu shilingi mbili kwenye mia ni kama 190 kila raundi, raundi 60 ni zaidi ya elfu kumi na moja, na mashine haiishii 60. Yaani meza ya "maskini" ndo ghali. Sawa, ya juu inayumba zaidi, usiku mbaya unaondoka na laki kadhaa na lazima uwe nazo za kupoteza, mwenye elfu hamsini mfukoni pale juu ni raundi mbili tu habari imeisha. Kwa mtu huyo ushauri wangu ni akae chini ale, aangalie, asicheze. Au arudi steji tucheze matatu, 7 ikate mchezo, aliyebaki na pointi nyingi anunue rolex, ile chapati ya mayai.

Nilimuuliza msimamizi kwa nini wasiweke 3 kwa 2 chini pia. Akajibu kwa upole, "Kaka, mbona wateja hawajalalamika." Siwezi kumlaumu, amesema ukweli.

Kuna hadithi pia wagawaji wanapenda kuisimulia ukiwauliza mchezo ulipata wapi jina, ati zamani Marekani ree ya shupaza ikikutana na jeki nyeusi ulikuwa unalipwa kumi kwa moja. Inapendeza, na dada mgawaji mmoja aliyetoka Tororo anaisimulia kwa madoido mpaka unataka kumpa bakshishi. Mtafiti wa karata Thierry Depaulis ameichimba hakupata ushahidi wa malipo hayo, yeye anafuatisha jina mpaka kwa wachimba dhahabu wa Klondike, Kanada, mwishoni mwa karne ya 19. Mimi nilimwachia dada hadithi yake, ila nilimwambia kama zamani walilipa kumi kwa moja mbona leo mnalipa sita kwa tano, akacheka akaangalia kamera ya juu.

Mstari wa tatu, bima. Mgawaji akionyesha ree anawauliza nani anataka bima, unaweka nusu ya dau lako, akiwa na kumi chini unalipwa mbili kwa moja. Usichukue. Kati ya aina kumi na tatu za karata ni nne tu zenye thamani ya kumi, utapigwa mara tisa na kushinda mara nne, na kwa mara tisa kwa nne malipo ya mbili kwa moja hayatoshi, unapoteza karibu shilingi nane kwa kila mia ya bima. Wanaoinunua kwa sababu wana mkono mzuri wa kulinda ndo wanaonishangaza zaidi, karata iliyofunikwa haijui wewe una ishirini.

Mengine ya huduma. Chakula ni kuku wa kukaanga, wali, samosa, siku zingine kuna supu, vinaletwa hadi mezani kwenye kile kimeza cha pembeni, na wanakupa kitambaa cha kufuta mikono kabla hujagusa chipu, hilo nimelipenda. Soda na maji bure, bia bure ukiwa unacheza, ukisimama dakika kumi unaanza kuulizwa. Ndani hakuna moshi wa sigara, sheria ya 2015 inakataza, ila ngazi za nyuma zinanuka kama stoo ya tumbaku na choo cha wanaume kiko huko huko. Kahawa ni ya unga, nchi inayolima kahawa kama hii mtu unapewa ya unga, nimeshindwa kuelewa.

Kulipwa hakuna usumbufu. Nilipeleka chipu dirishani, wakahesabu mbele yangu mara mbili, noti mpya, risiti. Wikendi kuna foleni, na kaunta iko umbali wa hatua chache tu toka kwenye ile meza ya chini, kwa hiyo unasimama na pesa mkononi unasikia mtu anashangilia nyuma yako, sidhani waliipanga hivyo kwa bahati mbaya.

Meza ya juu naipa nyota nne, ingepata tano kama mgawaji wa zamu ya pili asingekuwa anaichomeka ile kadi ya njano, ya kuonyesha pa kuishia, karibu nusu ya sanduku, zinachangwa kabla hazijafika popote. Ya chini nyota moja. Ya juu kwa kawaida wanaifungua saa mbili usiku, siku za katikati ya wiki unapata kiti bila shida, na mkiwa watatu mapema kuliko hapo mwombeni msimamizi, anaifungua.